Jeli za pektini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huijua pektini kupitia jamu, na wengi huishia hapohapo. Ni hasara, kwa sababu unga huohuo hukupa vipande vya tunda vinavyokatika kwa meno bila kuvutika, pudini ya maziwa inayoganda bila maziwa kuguswa na moto, shanga za juisi zinazopasuka ulimini, na povu jepesi linalosimama lenyewe. Vyote hivi hupikika katika jikoni la kawaida. Kuna jambo moja nitakalolirudia mpaka mwisho: pektini haigandi peke yake. Ina mwenzake inayemngoja, na jeli ikigoma, mara nyingi aliyekosekana ni huyo mwenzake, si unga.

Pektini ni kitu gani hasa?

Ni gundi ya asili inayoshikamanisha seli za mimea. Tunda bichi ni gumu kwa sababu pektini yake bado imeshikana vizuri. Linapoiva, vimeng'enya huivunjavunja na tunda hulainika. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeitenga na kuipa jina mwaka 1825, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugandisha. Leo sehemu kubwa ya pektini ya unga hutoka kwenye maganda ya machungwa, malimau na jamii zake, na kwenye makapi ya matufaha yaliyokwisha kukamuliwa juisi. Kwenye orodha ya viambato huenda ukaiona kama E440.

Kwa nini pakiti moja inadai sukari kilo nzima na nyingine haidai hata kijiko?

Kwa sababu ni pektini mbili tofauti. Hapa ndipo watu wengi hupotea, basi tukae kidogo.

Pektini ni mnyororo mrefu, na kila pete ya mnyororo ina mahali panapoweza kufunikwa na kikundi kidogo cha methili. Zikifunikwa zaidi ya nusu, pektini huitwa HM. Zikifunikwa chini ya nusu, huitwa LM. Tofauti hiyo ndogo hubadilisha kila kitu jikoni.

Minyororo ya HM ikiwa ndani ya maji husukumana, kwa sababu sehemu zisizofunikwa zina chaji ya namna moja. Tena kila mnyororo umezungukwa na maji yanayouweka mbali na wenzake. Asidi huondoa ule msukumano, na sukari huyavuta yale maji. Hapo ndipo minyororo hukaribiana na kushikana. Ndiyo maana HM hudai vyote viwili kwa pamoja: sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka vifikie angalau asilimia 55 ya uzito wote, na uchachu uwe wa pH kati ya 2.8 na 3.5 hivi. Kimoja kikipungua, utakuwa na shira nzito tu.

LM haina haja na sukari. Yenyewe hungoja kalsiamu. Chembe za kalsiamu hukaa katikati ya minyororo miwili kama mayai ndani ya trei na kuifunga pamoja. Kalsiamu inaweza kutoka kwenye maziwa, kwenye tunda lenyewe, kwenye maji magumu ya bomba, au kwenye unga wa kalsiamu lakteti unaouongeza mwenyewe. Ipo pia LM iliyotengenezwa kwa amonia, ambayo huandikwa LMA au NH. Hii haisumbui sana ukikosea kidogo kipimo cha kalsiamu, na ndiyo ningemshauri anayeanza ainunue.

Tofauti nyingine kubwa: jeli ya LM ukiipasha moto huyeyuka, na ikipoa huganda tena. Jeli ya HM ikishaganda kwa sukari nyingi hairudi nyuma kirahisi. Kosa la LM husameheka. La HM ulizuie mapema.

Pakiti yangu imeandikwa "pektini" tu. Nitajuaje ni ipi?

Changanya gramu 1 ya unga na kijiko cha chai cha sukari, mimina kwenye mililita 50 za maji ya moto huku ukikoroga, kisha chemsha kwa dakika moja. Ongeza mililita 50 za maziwa ya moto, koroga, uache ipoe kabisa. Ikiganda, una LM. Ikibaki majimaji au uzito wa uji mwepesi, una HM.

Soma pia viambato. Pakiti nyingi za kupikia jamu huwa zimeshachanganywa na sukari na asidi, kwa hiyo gramu 10 za pakiti hiyo si gramu 10 za pektini. Vipimo vyote nitakavyotoa hapa ni vya pektini tupu.

Unga unafanya madonge kila nikiuweka kwenye maji. Nakosea wapi?

Umeuweka peke yake. Chembe ya pektini ikigusa maji huvimba upande wa nje na kujifungia unga mkavu ndani, na donge la namna hiyo halivunjiki hata ukilipiga mwiko saa nzima. Changanya unga mkavu na sukari mara tano hadi kumi ya uzito wake, ili chembe zitengane. Nyunyiza mchanganyiko huo polepole kwenye kimiminika cha moto huku ukikoroga kwa mchapo wa waya, kisha uchemshe kwa dakika moja hadi mbili.

Ila usiweke sukari yote ya mapishi mwanzoni. Kimiminika kikishakuwa na sukari nyingi, pektini haipati maji ya kutosha kuyeyukia. Sukari kidogo huingia na pektini, iliyobaki hufuata baada ya mchemko wa kwanza. Kwa asiyetaka sukari kabisa, blenda yenye nguvu na maji ya moto hufanya kazi ileile.

Nianze na kipi?

Anza na pudini ya maziwa ya kuchanganya baridi. Ni rahisi, na utaiona kalsiamu ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Changanya gramu 6 za pektini ya LM na gramu 60 za sukari. Chemsha mililita 250 za juisi nzito au rojo la tunda lisilo chachu sana, kama embe mbivu au pichi, kisha nyunyiza unga ule huku ukikoroga. Acha ichemke dakika moja. Ipue ipoe hadi iwe vuguvugu. Itakuwa nzito kama asali nyepesi. Sasa mimina mililita 250 za maziwa baridi na ukoroge haraka kwa sekunde kumi na tano, si zaidi, halafu gawa kwenye vikombe. Baada ya dakika chache itaanza kushika.

Mguso wake ni laini, unateleza, na kijiko kikipita huacha mfereji unaofunga taratibu. Ukiendelea kukoroga wakati inashika, utaukata mgando na kupata kitu kama mtindi uliovurugwa. Kuna wanaoupenda hivyo, na si vibaya, lakini iwe umekusudia. Tunda likiwa chachu sana maziwa yatakatika, kwa hiyo limau na pasheni tupu si za hapa. Na rojo likianza kuganda kabla hujaweka maziwa, ujue tunda au maji yako yana kalsiamu ya kutosha. Lipashe moto litayeyuka, kisha lichanganye likiwa na joto kidogo zaidi.

Na vile vipande vya tunda vya kutafuna, vilivyopakwa sukari?

Hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Hakuna jeli nyingine inayolitoa tunda namna hii: meno yanapita bila kuvuta, kipande kinakatika safi, na ladha inatoka yote kwa mara moja.

Utahitaji gramu 250 za rojo la tunda lililochujwa, gramu 6 za pektini ya HM inayoganda polepole, gramu 300 za sukari, gramu 50 za shira ya glukosi, na gramu 2 za asidi ya sitriki, yaani ndimu ya unga, iliyoyeyushwa kwenye kijiko cha chai cha maji. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei ndogo kabla ya kuwasha moto. Nasisitiza kabla, kwa sababu mwishoni hutakuwa na muda wa kutafuta trei.

Pasha rojo. Chukua gramu 30 za ile sukari, changanya na pektini, nyunyiza, chemsha dakika moja. Ongeza sukari iliyobaki kwa mafungu matatu ili mchemko usife, kisha weka glukosi. Endelea kupika kwa moto wa kati huku ukikoroga hadi kipimajoto kisome nyuzi 107 za Selsiasi. Hapo maji yamepungua hadi karibu robo ya uzito wote. Ipua, tia asidi, koroga kwa sekunde chache na umimine mara moja.

Asidi huwekwa mwisho kwa sababu mbili. Ikikaa kwenye moto mkali muda mrefu huikatakata minyororo ya pektini. Tena sukari ikishafikia kiwango hicho, asidi ndiyo kitu cha mwisho kilichokuwa kikingojwa: ukiitia tu, kuganda kunaanza. Ukiwa na limau badala ya unga, tumia vijiko vitatu vya mezani vya maji yake, lakini uviweke joto likiwa nyuzi 104 na uendelee kupika hadi 107, maana umeongeza maji.

Acha trei mezani usiku kucha, bila kuifunika kwa kitu kinachozuia hewa. Kesho yake kata, viringisha kwenye sukari, panga vipande visigusane. Usivitie kwenye friji. Unyevu wake huyeyusha sukari ya nje na vipande vikaanza kunata.

Kama unaishi mahali pa juu, usiifuate namba 107 bila kufikiri. Maji huchemka chini ya nyuzi 100 kadiri unavyopanda, kwa kiasi cha nyuzi moja kila mita 300 hivi. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto, ongeza 7. Hiyo ndiyo namba yako, na kwa kufanya hivyo utakuwa umekipima na kipimajoto chenyewe.

Shanga za juisi zinatengenezwaje?

Chemsha mililita 100 za juisi na gramu 3 za pektini ya LM, iache ipoe na mapovu yatoke. Pembeni yeyusha gramu 3 za kalsiamu lakteti kwenye mililita 100 za maji baridi. Dondosha juisi tone kwa tone ndani ya maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila tone huvikwa ngozi papo hapo. Zitoe kwa chujio, zisuuze kwa maji safi, uzile mapema: kalsiamu iliyokwisha kuingia huendelea kusafiri kuelekea ndani, na baada ya saa chache shanga iliyokuwa ikipasuka huwa imekuwa ngumu hadi katikati.

Matone yakitawanyika badala ya kuwa duara, juisi ni nyepesi mno au unadondoshea kutoka juu sana.

Pektini inaweza kubeba povu?

Inaweza, ukiheshimu muda. Piga ute wa yai mpaka usimame. Pika rojo zito la tufaha na sukari na pektini ya HM kama ulivyofanya kwenye vipande vya kutafuna, kisha limimine likiwa bado la moto kabisa kwenye ute, uzi mwembamba baada ya uzi, mashine ikiendelea kupiga. Asidi iingie mwisho. Umbo lolote unalotaka, lifanye sasa hivi kwa mfuko wa kupambia keki, kwani mgando ukishashika huwezi kuupiga tena bila kuuvunja na kuzitoa hewa zote. Likikaa siku moja, povu hufanya ngozi nyembamba kavu nje na kubaki laini ndani. Tufaha hufaa kuliko matunda mengi kwa kuwa lenyewe limejaa pektini.

Nataka jeli isiyo na sukari kabisa. Nifanyeje?

Tumia LM. Kwa mililita 500 za juisi, weka gramu 5 za pektini na gramu 1 ya kalsiamu lakteti iliyoyeyushwa kwenye vijiko viwili vya maji. Yeyusha pektini kwanza na uichemshe, kisha tia maji ya kalsiamu yakiwa ya moto, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa nguvu. Yakiwa baridi, kila tone linapoangukia hujifanyia kidonge chake na jeli yako itakuwa na chenga.

Itakuwa laini na yenye kutetemeka, haitakuwa na ule mng'ao wa jeli ya sukari. Na kwa kuwa sukari ndiyo iliyokuwa ikizuia vijidudu, hii ni ya friji na ya kuliwa ndani ya siku chache.

Jeli yangu haikuganda. Niongeze pektini?

Subiri kwanza. Nakuomba usiongeze chochote kabla ya kujibu haya.

Imepoa kweli? HM inayoganda polepole inaweza kuchukua saa nyingi, na jamu nyingine hukamilika siku ya pili. Tia tone kwenye sahani iliyotoka kwenye friji, ngoja dakika moja, lisukume kwa kidole: likikunjamana, jeli ipo njiani.

Ni chachu ya kutosha? Onja. Stroberi zilizoiva sana, pichi na embe tamu mara nyingi hazina asidi inayotakiwa, na kijiko kimoja cha limau huokoa sufuria nzima. Kwa uzoefu wangu hili ndilo jibu mara nyingi kuliko mengine yote.

Sukari imefika? Uliipunguza kwa ajili ya afya huku ukitumia HM? Basi hakuna muujiza. Badilisha pektini, usibadilishe sukari.

Ulipika kwa muda gani? Sufuria kubwa iliyochemka saa nzima huwa imekwisha kuivunja pektini yake. Pika kidogo kidogo, kwenye sufuria pana, kwa moto mkali na muda mfupi.

Na kama ni LM, kalsiamu iko wapi?

Baada ya hayo yote ndipo unga zaidi unapofikiriwa. Ukiuongeza bila sababu hupati jeli bora. Unapata jeli ngumu yenye ladha iliyofifia, kwa maana mgando mzito huishikilia harufu ya tunda isitoke.

Imeganda, lakini ina chenga na inatoa maji.

Hiyo iliganda mapema, ukiwa bado unakoroga au unamimina. Ama asidi ilizidi, ama kalsiamu ilizidi, ama uliiacha ipoe sana sufuriani. Mgando uliovunjika huachia maji yake. Kama ni LM, yeyusha tena kwa moto na vijiko viwili vya maji, umimine ikiwa moto. Kama ni HM, isage ukaitumie kama jamu.

Kusaga huko kuna upande wake mzuri. Jeli ngumu ya LM iliyosagwa kwa blenda mpaka ikawa laini hugeuka mchuzi wa ajabu: umetulia kwenye sahani bila kutiririka, lakini ulimini unateleza kama krimu ingawa hauna mafuta. Ujaribu kwa juisi ya karoti au nyanya iliyochujwa.

Nanasi, papai na kiwi zinaharibu jeli?

Zinaharibu jeli ya gelatini, kwa sababu vimeng'enya vyake hukata protini, na gelatini ni protini. Pektini si protini, na kwa hiyo haijali. Nanasi bichi lenyewe lina pektini kidogo na huhitaji kuongezewa, basi.

Kwa nini nisitumie gelatini au agari tu?

Zitumie, kama mguso wake ndio unaoutaka. Gelatini hudunda na kuyeyuka kwa joto la mwili. Agari hukatika kwa kuvunjika, kama kitu kikavu ingawa kina maji. Pektini iko katikati: hukatika kwa ulaini na kutoa ladha haraka. Isitoshe, gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, ilhali pektini ni ya mmea mtupu, jambo linalowaondolea wengi wasiwasi mezani.

Naweza kutengeneza pektini nyumbani?

Ndiyo, ya HM. Kata kilo moja ya matufaha machachu ambayo hayajaiva sana, pamoja na maganda na viini vyake. Tia lita moja ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60, chuja kwa kitambaa bila kukamua, kisha punguza kimiminika kwa moto hadi nusu. Kujua nguvu yake, tia kijiko cha chai cha kimiminika kilichopoa kwenye vijiko vitatu vya spiriti. Likifanyika donge moja unaloweza kulinyanyua kwa uma, ni kali. Zikiwa nyuzinyuzi zilizotawanyika, endelea kuipunguza. Mwaga kipimo hicho, kamwe usikionje.

Nguvu yake hubadilika kila unapopika, kwa hiyo ni nzuri kwa jamu, lakini kwa vipande vya kutafuna ningekaa na unga uliopimwa kwa mizani.

Vinahifadhiwaje, na ni salama kwa kila mtu?

Vipande vyenye sukari nyingi hukaa wiki kadhaa kwenye kopo lisilopitisha hewa, karatasi ikitenganisha tabaka. Pudini ya maziwa ni ya siku mbili tatu kwenye friji. Unga wa pektini uweke pakavu na penye ubaridi. Ukizeeka hupoteza nguvu, kwa hiyo ulioufungua zamani ujaribu kwa kiasi kidogo kwanza.

Pektini ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na tumbo lisiloizoea linaweza kujaa gesi mtu akila nyingi kwa mkupuo. Ninalolichunga zaidi ni kukabwa: kwa mtoto mdogo au mzee anayemeza kwa shida, usitoe shanga wala vipande vigumu vya mviringo. Mpe pudini laini kwa kijiko, na ukae naye mpaka amalize.